Anasema shairi "limeshuka tu": nitaonaje lilivyokua?

"Asalaam alaykum Maalim. Nasoma shahada ya uzamili hapa Unguja. Utafiti wangu ni namna wazo la wimbo wa taarab linavyokua, tokea linapomwingia mtunzi hadi siku wimbo unapopanda jukwaani. Nimeshawahoji watunzi watatu, wawili wa Mjini na mmoja wa Wete, Pemba, kila mmoja zaidi ya saa nzima. Majibu yao mamoja: 'limeshuka tu', 'lilinijia nikitoka msikitini', 'ni kipaji, mwanangu'. Msimamizi wangu anataka nioneshe hatua nne za ubunifu, na mimi kwenye mahojiano sizioni. Nimebakiwa na miezi sita, pesa sina, na simu yangu ndiyo kinasa sauti. Je, nilichokusanya nikitupe? Nianzie wapi?"

Waalaykum salaam. Usitupe kitu. Mahojiano uliyonayo yana kazi yake, ila si ile uliyoyatuma. Wewe umeuliza shairi limekuaje, wao wamekujibu limetoka wapi. Ni maswali mawili tofauti, na mtu akiulizwa la kwanza aghalabu hujibu la pili bila ya kujijua.

Nikikusoma vizuri una hofu mbili ulizozifunga fundo moja: ama watunzi wanakuficha siri ya kazi yao, ama hakuna siri yoyote, shairi lilianguka zima zima kama embe mbivu na wewe huna cha kutafiti. Fundo hilo lifungue, maana hofu zote mbili hazina msingi.

"Limeshuka" si uongo. Kwanza ni adabu. Mtunzi wa kwetu akisifiwa huzirudisha sifa kwa Aliyempa. Akisema "nimekaa siku nne nimefuta mistari ishirini", wengi watasikia ama majivuno, ama mtu anayekiri kwamba kipaji chake kinachechemea. Pili, ndivyo kumbukumbu inavyofanya kazi. Shairi likishatimia, toleo la mwisho huyafunika yaliyolitangulia, na mtunzi akiangalia nyuma haoni tena njia zilizokufa, anaona ile moja iliyofika. Mwaka 1977 wanasaikolojia wa Marekani, Richard Nisbett na Timothy Wilson, walionesha kwamba mtu akiulizwa kwa nini alifanya jambo, mara nyingi hachungulii akilini mwake. Hutoa sababu inayoelekea kuwa kweli, ambayo hata jirani yake angeikisia, na huitoa kwa moyo safi kabisa.

Kwa Charles Darwin, mwanasayansi wa nadharia ya mageuzi ya viumbe, tuna bahati ya kuwa na pande zote mbili: alichosimulia, na alama za kazi yenyewe. Katika kumbukumbu za maisha yake, alizoandika mwaka 1876, alisema kwamba Oktoba 1838, miezi 15 baada ya kuanza uchunguzi wake, alisoma maandishi ya mwanauchumi Malthus juu ya ongezeko la watu kwa kujiburudisha tu, na hapo hapo akapata nadharia ya kufanyia kazi. Lakini madaftari yake yapo na yana tarehe. Maneno juu ya Malthus yamo chini ya tarehe 28 Septemba. Na mwanasaikolojia Howard Gruber, aliyeyapekua madaftari hayo na kuchapisha uchunguzi wake mwaka 1974, alikuta nyuma ya siku hiyo zaidi ya mwaka mzima wa nadharia zilizojengwa zikaachwa, na mbele yake miezi ya kusitasita. Mzee hakudanganya mtu. Alisimulia kama watunzi wako wanavyosimulia.

Sasa hizo hatua nne. Zilipangwa na Mwingereza Graham Wallas mwaka 1926: kujiandaa, kuatamia, kung'amua, kuhakiki. Tazama alizipata wapi. Alitegemea hotuba ya mwanasayansi Mjerumani Helmholtz, aliyoitoa kwenye sherehe ya kutimiza miaka 70, pamoja na masimulizi ya mwanahisabati Mfaransa Poincaré. Yaani msingi wake nao ni watu wakikumbuka kazi zao baada ya kwisha, ndugu wa damu wa "lilinijia nikitoka msikitini". Wallas mwenyewe alitahadharisha kwamba hatua hizo huingiliana wakati wote. Kwa hiyo mweleze msimamizi wako, kwa heshima yake, kwamba utazitumia kama majina ya kujaribia data. Ukizifanya visanduku vya kujaza, vitajaa: kila shairi lina mstari mtunzi anaoupenda kuliko mingine, na huo utauita "kung'amua" hata kama uliandikwa mara saba.

Unachopaswa kukitafuta ni alama zilizobaki njiani wakati wazo likitembea, kila moja na tarehe yake. Nikuoneshe kwa mstari mmoja. Mfano nimeutunga mimi, usiunukuu kama data. Mtunzi anataka kusema kwamba ampendaye hajarudi. Mstari ni wa mizani 16, nane kwa nane.

Jumatatu, saa 3 usiku:
Nimengoja bandarini, jua limezama lote

Jumanne, baada ya alasiri:
Nimengoja bandarini, chombo chako sikioni

Jumanne, kikao hicho hicho:
Chombo chako sikioni, habari zako sikioni

Alhamisi, asubuhi:
Chombo chako sikioni, sifa zako sikioni

Jumatatu hakuna jipya. Bandari na jua la magharibi vimeshaimbwa hata vimechoka. Jumanne ameibadilisha nusu ya pili kwa haja ya kina tu, anataka -ni ya kuitikia bandarini. Kitenzi kilichomjia ni sikioni: chombo, sikioni, nakiangaza hakionekani. Anaporudia kwa sauti anasikia kwamba sikioni ni pia ndani ya sikio. Hapo bandari inafukuzwa, na neno lile lile linawekwa pande mbili, huku jicho halioni, kule sikio linasikia. Ila hesabu mizani: ha-ba-ri-za-ko-si-ki-o-ni, tisa. Mwimbaji atajikwaa. Mstari umelala na kasoro hiyo siku mbili. Alhamisi habari inageuka sifa, mizani inatimia, na juu ya hapo maana inapata makali ambayo hayakuwapo: wewe sikuoni, na wenzangu wananijaza masikio kwa kukusifu.

Angalia kilichopotea. Bandarini ndiyo iliyoleta kina cha -ni, kina kikaleta sikioni, sikioni ikaleta fumbo zima, na yenyewe haimo tena kwenye wimbo. Ni chicha, tui likishatoka hutupwa. Mhoji mtunzi huyu mwezi ujao umuulize wazo la jicho na sikio alilipata wapi, atakwambia limeshuka, na kwa upande wake ni kweli, hakulikusudia. Lakini wewe mwenye picha za kurasa zake unaweza kuonesha limeshukia juu ya nini.

Utaona pia kwamba vina na mizani havikumbana mtunzi tu. Vilimsukuma kwenye neno ambalo asingelichagua, naye kazi yake ikawa kutambua kwamba ameangukia kitu. Mengi ya ubunifu wa mashairi yetu yamo kwenye kutambua huko. Ukitafuta "wazo" lililotangulia maneno, kisha maneno yakalivika nguo, utakosa jambo lenyewe, kwa sababu hapa neno limekuja mwanzo na wazo limelifuata.

Wachoraji wamesomwa kwa njia hii zamani. Mji wa Guernica, Hispania, ulipigwa mabomu tarehe 26 Aprili 1937. Mchoraji Picasso akaanza michoro ya matayarisho ya picha yake juu ya msiba huo tarehe 1 Mei, akaitia tarehe, na mpiga picha Dora Maar akawa anaipiga picha turubai kubwa ilivyokuwa ikibadilika. Michoro kama 45 imehifadhiwa. Inaonesha kwamba farasi, fahali na mwanamke mwenye taa walikuwapo tangu siku ya kwanza, ilhali ngumi iliyoinuliwa juu iliingia katikati ya kazi na ikafutwa kabla ya mwisho. Asiyeiona michoro hiyo hawezi kujua kipi kilikuwa nguzo na kipi kilikuwa mgeni. Nawe usitarajie kwamba kila kitu "kitakua". Vingine husimama siku ya kwanza na haviguswi tena.

Kwa miezi sita bila pesa, chukua watunzi wawili tu, nyimbo mbili kila mmoja. Ikiwa mmoja atakuwa yule wa Wete, usimfuate kila wiki, nauli ya boti itakumaliza. Nenda mara mbili, mwanzoni na wakati wa mazoezi, na baina yake mtumie simu. Idadi ndogo isikutie haya: unachokihesabu hapa ni mabadiliko, na nyimbo nne zitakupa mabadiliko mengi kuliko utakavyoweza kuyachambua.

Mnunulie kila mtunzi kaunta buku la kwaya mbili. Liwe la kushonwa. Daftari la waya ukurasa ukichomolewa hakuna ajuaye. La kushonwa, karatasi ikichanwa mwenzake wa upande wa pili hulegea na utagundua. Tia namba kila ukurasa mwenyewe kabla ya kulikabidhi. Mpe biro nne: buluu, nyeusi, nyekundu na kijani. Kila akikaa kuandika, kikao kipya rangi mpya, zikiisha anarudia mwanzo. Sababu yake ni kwamba mtunzi hurudi kwenye ukurasa wa zamani akabadilisha neno moja bila ya kuandika tarehe; rangi ndiyo itakayokwambia neno hilo ni la kikao kipi. Penseli, ufutio na wino mweupe wa kufutia viwekwe mbali. Anachokifuta akipige mstari mmoja ili kisomeke. Juu ya kila kikao aandike siku na saa, basi. Usimwongezee fomu, ataliacha daftari kabatini.

Kwenye tarehe kuna mtego ambao vitabu vya mbinu za utafiti havikuambii. Mtu wa hapa akikwambia "niliandika usiku wa Ijumaa", kwa wengi huo ni usiku wa kuamkia Ijumaa, yaani Alhamisi baada ya magharibi. Wewe ukiandika Ijumaa, umeupeleka mstari mbele siku nzima, na unaweza kuyapanga mabadiliko kinyume. Na saa 3 ya daftari ni ya usiku au ya asubuhi? Simu yako inaandika 21:00 au 09:00. Kubalianeni mapema namna moja, na pale penye shaka linganisha na saa ya picha.

Picha zipige kila baada ya siku mbili tatu, mchana, karibu na dirisha. Ukurasa mzima kwanza, kisha karibu kwenye kila palipofutwa. Palipofutwa sana, zima taa na umulike tochi kwa ubavu, sambamba na karatasi; mikwaruzo ya biro huacha mabonde na kivuli chake husomeka. Jina la faili lianze na mtunzi, wimbo na ukurasa, kisha mwaka, mwezi, siku, kwa mfano A-w2-uk07-20260219, ili simu izipange zenyewe. Kama mtunzi ndiye atakayekupigia picha akakurushia kwa WhatsApp, mwambie aitume kwa njia ya hati, si ya picha. Ikienda kama picha hubanwa, na tarehe na saa zilizofichwa ndani yake huondolewa, halafu unabaki na saa ya kupokelewa tu.

Wako wasioandika kabisa hadi shairi litimie, khasa wazee waliozoea kutungia kichwani, njiani au shambani. Usiwalazimishe daftari, litaibadilisha kazi yao. Hao waombe ujumbe wa sauti kila usiku kabla ya kulala: waseme mistari ilivyo leo, hata kama ni mmoja na umepinda. Kama hakuna, waseme "leo hamna". Hilo nalo lihesabu. Siku tano za "leo hamna" kisha beti mbili kwa mpigo ni jambo la kuandika, na ndipo neno kuatamia linapoweza kutumika, kwa sababu unayo rekodi ya kabla na ya baada. Pasipo rekodi hizo, ukimya ni ukimya; pengine alikuwa na homa. Maelezo yanayoniridhisha juu ya kuatamia ni kwamba akili hung'ang'ania jaribio baya lililo karibu, na ukiliacha siku kadhaa jaribio hilo hufifia likapisha jingine. Katika mfano wetu habari ilikuwa imeng'ang'ania kati ya Jumanne na Alhamisi.

Baada ya kila kikao kikubwa mhoji, ndani ya siku mbili, dakika 20 zatosha. Fungueni ukurasa, weka kidole. "Hapa habari imekuwa sifa. Ulikuwa unasoma kimya au kwa sauti? Kabla ya sifa ulijaribu neno jingine?" Swali la "kwa nini" liache hadi mwisho au liache kabisa, likija mapema linazaa hotuba. Hapo ndipo mahojiano yanapopata nguvu, kwa sababu mtunzi ana kitu mbele ya macho yake cha kumzuia asijitungie historia.

Pengine umesoma juu ya njia ya kumtaka mtu aseme kwa sauti kila kinachopita akilini huku akifanya kazi. Watafiti wa akili Anders Ericsson na Herbert Simon waliijengea kanuni tangu miaka ya 1980, na ni njia nzuri mtu akisema tu bila ya kutakiwa aeleze. Kwa mchonga milango au mpiga piko ningekwambia ijaribu: mikono inafanya, mdomo uko huru. Kwa mtunzi wa mashairi naiogopa. Kazi yake yenyewe ni maneno, na anayahesabu. Ukimtia maneno mengine kinywani mizani inamtoka. Ijaribu mara moja ukitaka, uone, lakini usiijengee sura nzima.

Mazoezini wazo huanza maisha ya pili, na watafiti wengi hawafiki huko, kwani wameshaamini kwamba shairi likiisha wazo limekwisha. Lahani, yaani mahadhi ya wimbo, hulivuta neno. Silabi fupi huangukia noti ndefu na mwimbaji akaomba neno jingine. Mpiga fidla huitikia mstari kwa namna inayomfanya mtunzi aukate ubeti wa tatu. Simu iweke mbali na ngoma ya dumbak na besi, usawa wa kifua cha mwimbaji, mita mbili tatu hivi, katika hali ya ndege ili isilie. Anza kwa kutaja tarehe na mahali. Usijaribu kunukuu kila kitu: saa moja ya mazungumzo ya mtu mmoja hula saa nne hadi sita za kuandika, na mazoezi ya watu kumi wakikatizana hula zaidi. Sikiliza mara moja, na andika mabadiliko tu: dakika ngapi, kilikuwa nini, kimekuwa nini, nani alianza kusema. Nani alianza ni la muhimu, kwa sababu kwenye tangazo jina litakuwa la mtunzi peke yake.

Sasa uchambuzi. Fungua jedwali, mstari mmoja kwa kila badiliko. Mabadiliko yote ya maandishi huingia kwenye mafungu manne: kuongeza, kufuta, kubadilisha neno kwa neno, kuhamisha. Mbele yake andika kilicholisukuma: kina, mizani, maana, lahani, mwimbaji, au hadhari (mtunzi amefuta kwa sababu fumbo lilikuwa wazi mno). Yakigongana mawili andika yote mawili. Kisha mpe mwenzio mabadiliko 50 ayapange peke yake kwa maelezo yako. Mkitofautiana zaidi ya mara kumi, tatizo haliko kwake, maelezo yako ya mafungu ndiyo mabovu. Yaandike upya na mrudie kwa mabadiliko 50 mengine.

Safu ya mwisho ya jedwali ndiyo yenye raha. Kwa kila badiliko jiulize: ni badiliko lipi la nyuma lililolifanya liwezekane? Andika namba yake. Gabriela Goldschmidt alianza kuchora viungo vya namna hii mwaka 1990 alipokuwa akisoma fikra za wasanifu majengo: hatua zimepangwa kwenye mstari mmoja, na kila kiungo ni pembe inayoziunganisha mbili. Karatasi ya miraba na rula vyatosha. Utaona hatua moja ndogo, isiyopendeza, imetoa viungo vingi kwenda mbele, kama ile ya Jumanne iliyotafuta kina tu. Na mstari unaopigiwa makofi ukumbini hautoi hata kimoja. Hizo hatua zenye viungo vingi ndizo za kumpelekea msimamizi wako badala ya hatua nne, au kando yake. Na hapo urudi kwenye mahojiano yako ya mwanzo: weka alichosimulia mtunzi upande mmoja, alama upande wa pili. Tofauti yake ni sura ya tasnifu, na ingekuwa vigumu kuipata kama ungeyatupa.

Vitakavyokuharibikia navijua vichache. Mtunzi akishajua daftari linakwenda chuo kikuu, huandika rasimu pembeni kwenye karatasi ya sukari, kisha akakunakilia safi. Utaijua: kurasa tatu bila ya kosa, mwandiko wa harusini. Usimkaripie, mwambie unaihitaji karatasi chafu kuliko safi. Jingine ni wewe mwenyewe. Ukisema "huu mtamu!" umeshaingia kwenye utunzi. Itikia "naam" moja kwa mstari mzuri na mbovu. La tatu, utakusanya nyimbo zilizofanikiwa tu, na ukahitimisha kwamba mazuri yote hufuata njia fulani, ilhali yaliyoshindwa pengine yalifuata njia ile ile. Omba beti zilizotupwa na nyimbo zilizoachwa. Mmoja kati ya minne yako ukifa njiani, uandike kifo chake.

Utashawishika pia kukimbilia nyimbo za zamani. Zipo: vikundi vikongwe kama Nadi Ikhwan Safaa, kilichoanza mwaka 1905, na Nyaraka za Taifa pale Kilimani. Lakini daftari la nyimbo la kikundi aghalabu ni nakala ya kuimbia, si rasimu, na haikwambii lolote juu ya kukua. Sahani za santuri nazo ziangalie kwa hadhari. Siti binti Saad alirekodi Bombay kuanzia mwaka 1928, na upande mmoja wa sahani za wakati ule ulichukua kama dakika tatu hivi. Wimbo wa baraza la usiku kucha haukai humo. Ukikuta beti zimepungua, usiseme msanii aliufupisha wimbo kwa ubunifu kabla ya kuuliza sahani ilimruhusu kiasi gani.

Jambo la kukaa nalo kwa makini ni kwamba taarab ina watu ndani yake. Rasimu inaweza kuwa na jina la mtu kabla halijageuka ua, chombo au ndege. Picha yako ikitoka, umevunja fumbo ambalo mtunzi alilifunga kwa kazi, na pengine umevunja nyumba. Kwa hiyo omba ridhaa nne, kila moja peke yake: kuona, kupiga picha, kunukuu, kuhifadhi. Anaweza kukupa ya kwanza akakunyima ya tatu. Kubalianeni kwamba ukurasa uliokunjwa kona haupigwi picha. Maneno ni mali yake. Hakimiliki ya Zanzibar ina sheria yake ya mwaka 2003 na COSOZA, ofisi ya hakimiliki ya Zanzibar, ndiyo inayoisimamia, na wimbo ambao bado haujatoka usiusambaze hata kwa wanafunzi wenzio.

Mengine usiyafanye kwa kusoma maandishi yangu, nenda kwa watu. Kabla ya kununua daftari hata moja kaa na msimamizi wako, upate kibali cha utafiti cha Serikali ya Mapinduzi, na uonane na sheha wa kila unapokwenda. Lahani ikianza kuwa sehemu kubwa ya mabadiliko na wewe huandiki muziki, tafuta mwalimu pale chuo cha muziki cha nchi za majahazi, Dhow Countries Music Academy, akuandikie zile sehemu chache zinazohusika. Ukipewa daftari la marehemu lililoandikwa kwa hati ya Kiarabu, tafuta mzee anayeisoma hati hiyo kwa Kiswahili, kwani mwenye kusoma Kiarabu peke yake atakosea irabu. Na likiwa na kuvu au kurasa zimegandana, usilianike juani, usilibandue, usilitie plastiki ya moto. Lifunge kwenye karatasi safi kavu na uwaoneshe watu wa Nyaraka. Mtunzi akiwa anaomboleza na shairi ndilo ombolezo lenyewe, funga simu, urudi siku nyingine atakapokuita mwenyewe.

Mwisho, itazame kalenda kabla ya kumwandikia msimamizi mpango mpya. Ramadhani taarab hulala, na kabla ya Sikukuu vikundi hukimbizana na nyimbo mpya. Miezi yako sita ikiangukia humo, madaftari yawe mikononi mwa watunzi si chini ya miezi miwili kabla ya mwezi kuandama, na wiki ya kwanza jaribu yote haya kwa shairi lako mwenyewe la beti nne, rangi nne, tarehe kila kikao. Utagundua upesi ni maagizo yapi kati ya haya yanachosha, na hayo uyapunguze kabla hujamkabidhi mtu mzima.